Maisha ya Edmond Albius, Mlezi wa Vanila

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike habari za maisha ya mtu mashuhuri wa zamani. Wenzangu wengi walioombwa hivyo walichagua wafalme na majemadari. Mimi nimemchagua mtumwa, tena mtumwa ambaye kazi yake kubwa aliifanya akiwa mtoto wa miaka 12, asiyejua kusoma wala kuandika. Lakini kwanza niwaeleze nilivyofika kwake, maana safari yenyewe ilianzia katika maboga ya nyumbani kwetu Nkombo.

Nkombo ni kisiwa cha Ziwa Kivu, upande wa kusini, katika wilaya ya Rusizi. Watu wake huvua sambaza na kulima maharage, mihogo na viazi vitamu. Nyuma ya nyumba yetu mama amepanda maboga. Likizo iliyopita alilalamika kwamba yanachanua vizuri, lakini vitunda vyake vinanyauka na kuanguka vingali vidogo kama ndimu. Mvua ilikuwa ikinyesha kila asubuhi, na nyuki hawakutoka. Nami nilikuwa nimetoka kujifunza habari za chavua, yaani ule unga wa manjano wa maua, basi nikajitia ufundi. Nilichuma ua dume, nikapaka unga wake katikati ya ua jike, na nikafanya hivyo katika maua matano. Mama alinitazama, akacheka, akaniuliza kama siku hizi shuleni tunafundishwa ushenga wa maboga. Hata hivyo katika yale matano, matatu yalishika, yakakua.

Niliporudi shuleni nilimsimulia mwalimu wetu wa elimu ya viumbe. Alifurahi sana, akaniambia kwamba nimeurudia ufundi ambao mtoto mmoja wa Kiafrika, aitwaye Edmond, aliufanya zaidi ya miaka 180 iliyopita, na ukaubadilisha ulimwengu wa biashara. Siku ya pili akatuonyesha katika hadubini kipande chembamba cha chavulio cha ua. Chavulio ni kile kifuko kilicho juu ya uzi wa ua, ndicho chenye unga.

Tulichokiona ni hiki. Ndani ya chavulio mna vyumba vidogo vinne, na ndani ya kila chumba mna punje changa za chavua. Punje hizo hazikuachwa peke yake. Zimezungukwa na tabaka la seli nene, zilizojaa chakula. Wataalamu huliita tabaka hilo tapetumu, neno la Kilatini lenye maana ya busati. Kazi ya tapetumu ni ulezi. Kila seli mama ya chavua hugawanyika ikazaa punje nne, nazo hufungwa pamoja ndani ya ukuta mmoja. Tapetumu hutoa maji makali yanayouyeyusha ukuta huo ili punje ziachane. Kisha huzilisha sukari na vyakula vingine. Tena huzipa vifaa vya kujengea ganda lake la nje, ganda gumu ajabu lisiloozeshwa upesi na maji wala udongo. Mwisho, kwa maua mengi yanayotembelewa na wadudu, tapetumu huzipaka punje mafuta yenye kunata, ili zishike katika manyoya ya nyuki.

Ikiisha kazi hiyo tapetumu hufa. Seli zake hupasuka, na vilivyomo vyote huwa mali ya punje. Siku ua linapofunguka, chavua iko tayari, lakini mlezi wake haonekani tena. Na ole wa ua ambalo mlezi wake amekufa kabla ya saa yake! Unga wake huwa mkavu, hauzalishi kitu. Ndivyo ilivyo katika aina fulani za mahindi na mtama, na wazalishaji wa mbegu huzitumia mimea hiyo tasa kupata mbegu chotara.

Tulipokuwa tukiandika hayo katika madaftari, mwalimu akatusimulia maisha ya Edmond. Tangu siku hiyo mambo hayo mawili yamekaa pamoja kichwani mwangu. Nami baadaye nimesoma zaidi habari zake, nazo ni hizi.

Katika Bahari ya Hindi, mashariki ya Bukini, yaani Madagaska, kuna kisiwa kinachoitwa leo Réunion. Zamani kiliitwa Bourbon. Wafaransa walikitawala tangu karne ya 17, wakalima kahawa, karafuu na miwa, na kazi yote ya mashamba ilifanywa na watumwa. Wengi wa watumwa hao waliletwa kutoka Bukini, na wengine kutoka pwani yetu ya Afrika ya Mashariki. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na sultani wa Kilwa, ili auziwe watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa. Kwa hiyo tusidhani kwamba habari hii ni ya watu wasiotuhusu. Waliopakiwa katika majahazi yale walikuwa ndugu zetu.

Katika kisiwa hicho, mahali paitwapo Sainte-Suzanne, upande wa kaskazini, Edmond alizaliwa mwaka 1829. Mama yake aliitwa Mélise, na baba yake Pamphile. Mama alifariki katika kumzaa. Mtoto hakupewa jina la ukoo, kwa kuwa mtumwa hakuwa na ukoo mbele ya sheria. Alikuwa Edmond tu, akahesabiwa pamoja na mali ya bwana wake.

Mtoto huyo alilelewa katika nyumba ya Bwana Ferréol Bellier-Beaumont, mwenye shamba lililoitwa Bellevue. Bwana huyo alipenda sana elimu ya mimea. Kila alipokwenda bustanini, Edmond alimfuata nyuma, akisikiliza majina ya miti na maua, na kutazama kila jambo alilolifanya. Siku moja Ferréol alimwonyesha jinsi ya kuzalisha mmea mmoja wa jamii ya maboga ambao maua yake ya kiume na ya kike ni mbalimbali, kwa kuchukua unga wa ua dume na kuupaka katika ua jike. Ni ufundi ule ule nilioujaribu mimi Nkombo. Mtoto alitazama, akanyamaza, akauweka moyoni.

Lakini tusimsifu Bwana Ferréol kupita kiasi. Alimpenda Edmond kama mtu ampendavyo mtoto wa nyumbani, lakini hakumpeleka shule. Alimfundisha majina ya maua, hakumfundisha herufi. Na muda wote huo alibaki kuwa bwana, na mtoto akabaki kuwa mtumwa.

Sasa yafaa nieleze taabu ya vanila. Vanila ni mmea unaotambaa juu ya miti, wa jamii ya okidi. Matunda yake ni marefu na membamba, mfano wa maharage mabichi, na yakikaushwa kwa ustadi hutoa harufu tamu ambayo wengi wetu tumeionja katika keki na maziwa ya barafu. Asili yake ni Meksiko na nchi jirani zake. Wenyeji wa kule walitia vanila katika kinywaji chao cha kakao, na Wahispania walipofika katika karne ya 16 wakaipeleka Ulaya. Tangu hapo matajiri wa Ulaya waliitafuta kwa bei kubwa, na kwa muda wa karne tatu karibu vanila yote ya ulimwengu ilitoka Meksiko.

Wafaransa walileta miche ya vanila Bourbon kuanzia mwaka 1819. Miche ilishika, ikatambaa juu ya miti, ikachanua. Lakini haikuzaa. Sababu yake iko katika umbo la ua lenyewe. Ndani ya ua la vanila mna chavulio na stigma, yaani mahali pa kupokelea unga, na vyote viwili vimekaa karibu sana. Lakini kati yake kuna kipande kidogo mfano wa ulimi, kinachovitenga kama pazia. Tena chavua yake ni bonge lenye kunata, haipeperushwi na upepo. Kule Meksiko wako nyuki wanaojua kuingia ndani ya ua hilo. Nyuki hao Bourbon hawakuwako. Na ua la vanila hufunguka asubuhi, likanyauka siku iyo hiyo. Likikosa mchumba kabla ya jua kuwa kali, limekosa kabisa.

Wataalamu walijaribu kuishinda taabu hiyo. Mwaka 1836 Bwana Charles Morren wa mji wa Liège, katika Ubelgiji, alifaulu kuzalisha vanila kwa mkono ndani ya nyumba ya vioo. Lakini njia yake haikuenea mashambani. Wakulima wa Bourbon waliendelea kuitazama vanila yao kama mke tasa, na wengine wakaacha kuitunza.

Bwana Ferréol alikuwa na mmea mmoja tu wa vanila, uliokaa karibu miaka 20 bila kutoa tunda. Hata siku moja ya mwaka 1841 alikuwa akitembea bustanini pamoja na Edmond, akaona tunda la vanila linaning'inia. Alishangaa sana. Edmond akamwambia kwamba yeye ndiye aliyelizalisha. Bwana hakuamini. Alidhani ni maneno ya mtoto apendaye sifa. Lakini baada ya siku chache likaonekana tunda jingine, na mtoto akasema neno lile lile. Ndipo Ferréol akamwamuru amwonyeshe alivyofanya.

Edmond alishika ua la vanila kwa mkono wa kushoto. Akalifungua kwa upole mpaka ndani yake yote ikaonekana. Akachukua kijiti chembamba, akakiinua kile kipande mfano wa ulimi kinachotenga. Kisha kwa kidole gumba akakibonyeza chavulio, na lile bonge la chavua likagusa stigma, likanata. Basi, kazi imekwisha. Muda wake haukuzidi ule wa kufunga kifungo cha shati. Mtoto alikuwa ameyachungua maua hayo peke yake, akafikiri kwamba kama boga lina dume na jike, vanila nayo lazima iwe navyo, ingawa vimefichwa ndani ya ua moja. Akavitafuta, akaviona, akaviunganisha.

Edmond hakuwa na hadubini. Hakujua kwamba ndani ya lile bonge dogo kila punje ilikuwa imelishwa na tabaka la ulezi lililokwisha kufa kabla ya asubuhi ile. Alilolijua ni kwamba kazi ya kuiandaa chavua ilikuwa tayari imefanywa, na imebaki kazi ya kuifikisha mahali pake. Kazi hiyo ya mwisho akaitimiza yeye.

Bwana Ferréol aliwaandikia wenye mashamba wengine kuwapa habari. Nao wakatuma magari ya farasi kumchukua Edmond, akapita shamba kwa shamba akiwafundisha watumwa wenzake kuzalisha maua. Tafakarini jambo hilo, wasomaji. Mtoto wa miaka 12, mtumwa, akawa mwalimu wa kisiwa kizima. Na wanafunzi wake walikuwa watumwa kama yeye, kwa sababu wao ndio waliotakiwa kuamka alfajiri na kupita katika safu za vanila, ua baada ya ua.

Matokeo yalionekana baada ya miaka michache. Mwaka 1848 Bourbon ilipeleka Ufaransa vanila kiasi cha kilo 50 hivi. Ni kidogo, lakini ilikuwa mwanzo. Mwaka 1898, yaani miaka 50 baadaye, kisiwa kilikuwa kikitoa tani 200 hivi, kikaipita hata Meksiko, nchi ya asili ya vanila. Wenye mashamba wakajenga nyumba nzuri. Wafanyabiashara wakatajirika. Jina la vanila ya Bourbon likavuma katika maduka yote ya Ulaya, na lavuma hata leo.

Mwaka 1848 ulileta jambo kubwa zaidi. Utumwa ulikomeshwa katika makoloni yote ya Ufaransa, na tarehe 20 Desemba mwaka huo watumwa zaidi ya 60,000 wa kisiwa kile wakatangazwa kuwa huru. Edmond alikuwa na miaka 19, umri nilio nao mimi ninayeandika habari hizi. Ndipo akapewa jina la pili, Albius, lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya nyeupe. Sheria ilimpa jina na uhuru. Haikumpa shamba, wala fedha, wala hata kikonyo kimoja cha vanila.

Akaondoka Sainte-Suzanne, akaenda Saint-Denis, mji mkuu, kutafuta kazi. Akapata kazi ya jikoni katika nyumba ya mtu. Huko akaingia katika kesi ya wizi wa vitu vya thamani, akahukumiwa mwaka 1852 kifungo cha miaka kadhaa pamoja na kazi ngumu. Sisi wanafunzi wa leo hatuwezi kuketi upya katika kiti cha hakimu yule. Lakini twaweza kuuliza: ikiwa kisiwa kingalimlipa hata sehemu ndogo ya faida aliyokiletea, je, angalikuwa anaosha vyungu vya mtu mwingine katika mji wa kigeni?

Hapo wakatokea watu waliokumbuka. Hakimu wa amani wa Sainte-Suzanne, Bwana Mézières Lépervanche, alimwombea kwa gavana, akaeleza faida ambayo kijana huyo amekiletea kisiwa. Mwaka 1855 Edmond akaachiliwa kabla ya muda wake kwisha. Akarudi Sainte-Suzanne, akaishi karibu na lile shamba alikokulia. Akaoa, akalima, akaendelea kuwa maskini.

Kulikuwa na jambo jingine la kumnyang'anya, nalo ni sifa yenyewe. Bwana Jean Michel Claude Richard, mtaalamu wa mimea aliyekuwa mkuu wa bustani ya serikali huko Saint-Denis, alidai kwamba yeye ndiye aliyewaonyesha watu wa kisiwa kuzalisha vanila, na kwamba mtoto yule aliiga tu. Wengi walikuwa tayari kuamini. Waliona vigumu kukubali kwamba mtumwa asiye na elimu ameng'amua jambo lililowashinda wenye elimu. Lakini Bwana Ferréol, sasa mzee, aliandika barua ya kumtetea Edmond. Alishuhudia kwamba alimjua tangu utotoni, kwamba yeye mwenyewe aliliona tunda la kwanza, na kwamba sifa ni ya Edmond, si ya mwingine. Barua hiyo ndiyo iliyoliokoa jina. Kwa hiyo Bwana Ferréol, ambaye hakumfundisha mtoto kuandika, mwishowe aliandika kwa ajili yake. Nimeshindwa kuamua kama tumshukuru au tumlaumu. Nadhani yatupasa kufanya yote mawili.

Mwaka 1863 mchoraji Antoine Roussin alichapisha picha ya Edmond. Amesimama, mtu mzima, ameshika mmea wa vanila mkononi. Ni picha ya mtu mwenye heshima yake. Lakini picha hailishi mtu.

Edmond Albius alifariki tarehe 9 Agosti 1880 katika hospitali ya Sainte-Suzanne, ana miaka 51 hivi. Alikufa katika ufukara. Mwaka huo meli zilikuwa zikiondoka bandarini na shehena za vanila, na kila tunda katika shehena hizo lilikuwa limezalishwa kwa njia yake. Siku hizi katika Sainte-Suzanne iko sanamu ya kumkumbuka.

Ndugu wasomaji, ufundi ule haujazeeka. Kutoka Bourbon ulivuka ukafika Madagaska, ambayo leo yatoa vanila kuliko nchi nyingine zote. Ulifika Komoro, na visiwa vya Pasifiki. Karibu na kwetu wako wakulima wa Uganda, katika Mukono, Kayunga, Kasese na Bundibugyo, na wengine katika mashariki ya Kongo. Wote huamka asubuhi katika msimu wa maua, wakiwa na kijiti au mwiba mkononi, wakainua kile kipande mfano wa ulimi na kubonyeza kwa kidole gumba. Mfanyakazi hodari huzalisha mamia kwa mamia ya maua katika asubuhi moja. Kisha hungoja miezi minane au tisa mpaka tunda likomae, ndipo huja kazi ndefu ya kulichovya katika maji moto, kulivukisha na kulikausha. Elimu imeendelea sana tangu 1841, lakini mpaka leo mashine haijachukua mahali pa kidole gumba cha Edmond.

Sasa narudi kwa tapetumu, maana nimesema mambo hayo mawili yamekaa pamoja kichwani mwangu. Mwanzoni niliona kwamba yafanana kabisa. Tapetumu hulisha, hufa, husahauliwa. Edmond alilisha kisiwa, akafa, akakaribia kusahauliwa. Nilitaka kumaliza makala yangu hapo. Nikampelekea mwalimu daftari langu, naye akaliandika swali moja kando kwa kalamu nyekundu: je, mambo hayo ni ya namna moja?

Nililala na swali hilo siku nyingi. Jibu langu ni hili. Tapetumu hufa kwa sababu ndivyo ilivyoumbwa. Isipokufa kwa saa yake, unga unaharibika. Hakuna anayeidhulumu, na hakuna wa kulaumiwa. Lakini Edmond hakuumbwa afe maskini. Vanila ingalizaa vile vile kama angalilipwa. Watu walimweka katika hali ya tapetumu kwa hiari yao wenyewe, kisha wakasema ndiyo kawaida ya dunia. Ua halina budi kumla mlezi wake. Binadamu anao uchaguzi.

Iko tofauti ya pili, nayo yanitia moyo. Nimesema kwamba ganda la chavua ni gumu ajabu. Katika msitu wetu wa Nyungwe kuna bwawa la Kamiranzovu. Wataalamu wamechimba matope yake, wakaona chavua ya maelfu ya miaka iliyopita, ganda lake lingali zima, na kwa kulisoma wakajua ni miti gani iliyokuwako zamani. Kila ganda hilo lilijengwa kwa vifaa vya tapetumu. Mlezi ametoweka zamani, lakini ushahidi wa kazi yake umo matopeni, ukingojea mtu wa kuusoma. Kwa Edmond, ushahidi ulikuwa barua moja ya mzee mmoja. Isingaliandikwa barua hiyo, leo tungalimsifu Bwana Richard.

Kwa hiyo nina ombi, hasa kwenu ninyi wazee wetu mliosoma hapa zamani, ambao mmekuwa waganga, walimu na maofisa. Katika jumba letu la mikutano iko orodha ya majina ya waliofaulu vizuri mitihani. Ni jambo jema. Lakini hakuna orodha ya waliotulisha. Nawakumbuka wapishi wanaowasha moto saa kumi ya usiku. Namkumbuka mvushaji aliyetupitisha ziwani bila nauli mwanzoni mwa muhula, akasema tutalipa tukipata kazi. Mama yangu huivusha sambaza mpaka soko la Kamembe, na ada yangu ya shule yanuka samaki tangu mwaka wa kwanza mpaka huu wa sita. Mimi ni punje, na ninajua ni nani tapetumu yangu. Lakini yeye si wa kufa ili mimi nifunguke. Yampasa aone ua likifunguka, tena ale tunda lake.

Naomba basi mhariri atenge ukurasa mmoja katika kila toleo, na kila mzee wetu alete jina moja la mtu aliyemlisha au kumfundisha, na mistari michache ya kazi yake, wakati mtu huyo angali hai kusomewa. Na mwenye deni la nauli alipe.

Yale maboga matatu ya Nkombo yamekwisha kuliwa. Mama amehifadhi mbegu za lile kubwa kuliko yote. Ameniagiza kwamba likizo ijayo nije mapema, kabla ya maua kufunguka, nimfundishe ushenga ule, kwa maana mvua haitangoja shule zifungwe.

Wasalaam,
Mwanafunzi wa mwaka wa sita, kutoka Nkombo.